Mluzi Uliotoka Yaeda Chini

Dongobesh, Jumatano asubuhi

Mwanaidi,

Nimo ghalani kwenu, kati ya magunia ya maharage na ya vitunguu saumu, pale pale tulipokuwa tukirekodia. Simu iko juu ya gunia mbele yangu. Nimeilaza kifudifudi ili kioo chake kisinitazame. Ndani yake kuna lile faili la Yaeda Chini, dakika nne na sekunde kumi na moja, na sijalifungua tangu siku uliyofariki. Leo saa kumi mama yako atakuja kulisikiliza. Sasa hivi ni saa nne asubuhi. Ninaogopa, na ninaandika ili mikono yangu ipate kazi.

Ulikuwa hupendi barua inayoanza na kilio, kwa hiyo nianze na habari.

Arobaini yako imeshapita. Kaka yako Shabani ndiye anayefungua duka siku hizi, na bado anachelewa, na wateja bado wanamtania kwamba jogoo wake ni kiziwi. Paka amezaa ndani ya boksi letu la nyaya. Wako wanne, na mmoja ana madoa meusi juu ya masikio kama mtu aliyevaa hedifoni. Binamu yako Rehema amehamia chumbani kwako na analalamika baridi. Ni kwamba mama yako hataki mtu afunge lile dirisha la upande wako. Miaka yote liliachwa wazi ili upate hewa, na sasa upepo wa mlimani unaingia humo kama umekaribishwa, na mama anasema liachwe hivyo hivyo. Rehema anajifunika mablanketi matatu na amenyamaza.

Siku ya mazishi, wanaume walipokubeba kwenda makaburini, nilibaki nyumbani na wanawake. Nilikaa mkekani karibu na mlango. Shangazi yako mmoja aliniuliza kama mimi ndiye yule rafiki aliyekuwa nawe huko Yaeda. Nikasema ndiyo. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Pole mwanangu, umeteseka." Mwanaidi, nilitamani anipige.

Wiki iliyopita nilikuja kumsalimu mama yako. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanimiminia chai, kisha akaitazama simu yangu kwa muda mrefu. Akasema, "Paskalina, humo una sauti ya mwanangu? Picha ninazo. Picha hazisemi."

Nilirudi nyumbani nikatafuta. Tulirekodi mvua juu ya mabati. Tulirekodi mashine ya kusaga, kengele za ng'ombe wa baba yangu, maharage yakimiminwa kwenye debe, mlango wa kanisa letu na bawaba zake. Tulirekodi kila kitu isipokuwa sisi wenyewe, kwa sababu ya sheria yako: maiki ikishafunguka, hakuna kusema, hakuna kusogea, hakuna kukohoa. Na ujumbe wa sauti ulikuwa hutumi. Ulisema ukijisikiliza unasikika kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mahali pekee ulipozungumza ni mwisho wa faili la Yaeda, kabla sijabonyeza kuzima. Maneno yenyewe nayakumbuka. "Paska, umepata? Maana mimi nimeishiwa."

Tulicheka. Sauti yako iko hapo, pamoja na kicheko. Lakini kabla ya kuifikia kuna dakika nne, na ndani ya dakika hizo kuna kitu ninachokiogopa kuliko kaburi lako.

Kila nikijaribu kuifikiria siku ile, akili inakimbilia kwingine. Inakimbilia kwenye televisheni ya chumba cha nyuma ya duka.

Tulikuwa kidato cha pili. Ijumaa mchana wanaume wakienda kuswali, duka linafungwa saa nzima, na ile saa ilikuwa yetu: wewe, mimi na mashine ya gemu ya Shabani yenye padi moja nzima na nyingine iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Halafu televisheni ikaharibika. Kioo kikawa cheusi, sauti ikabaki. Shabani akasema ni ya kutupa. Wewe ukashika padi ukamwambia, "Nani kakudanganya kwamba watu wanacheza kwa macho?"

Likizo nzima tulicheza gizani, tukiwa tumekodolea kioo cheusi kama vichaa. Ulinifundisha. Ngoma ya chini ikitoka, kuna shimo mbele. Ile sauti nyembamba ikiingia juu ya nyingine, adui yuko darajani. Na uhai ukikaribia kwisha, inaanza kulia tii, tii, tii, na hapo unaacha kupigana unatafuta pa kujificha. Nilikufa kwenye lile daraja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Leo nikiamshwa usingizini ninaweza kuimba muziki wa lile daraja bila kukosea, ingawa wa hatua nilizopita kwa urahisi siukumbuki hata kidogo.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia, na haukuisha.

Mimi nilikuwa nasema muziki wa gemu unakaa kichwani kwa sababu ya kushindwa. Wimbo wa redioni unausikia mara moja unapita. Wa gemu unakurudisha mwanzo kila ukianguka, na wewe huna chaguo, unausikia tena ukiwa na hasira, ukiwa na matumaini, mikono ikitoka jasho. Unaingia kupitia kwenye kidonda. Chuoni Dodoma niliandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo, na nikaongeza kwamba mashine za zamani zilikuwa na bahati kwa kuwa maskini. Zilikuwa na sauti tatu au nne tu, basi mtunzi alilazimika kutafuta wimbo mmoja uliosimama wenyewe. Gemu za siku hizi zina vinanda na matarumbeta ya watu mia, zinakujaza kifua, na ukizima umesahau. Wewe uliupima muziki kwa ndoo. Mtu akichota maji bombani, je, anaweza kuuimba kwa puani mpaka nyumbani, mlima wote, bila kuupoteza? Akiupoteza kwenye kona ya msikiti, huo si wimbo, ni pambo.

Kwenye ndoo tulikubaliana. Kwenye kushindwa ulinicheka. "Mwalimu, wewe unapenda sana mateso," ulisema. "Mtu hakumbuki sauti kwa kuwa imejirudia. Jirani yangu anajirudia kila siku na sikumbuki alichosema. Mtu anakumbuka sauti inayomwambia kitu." Na ukasema sauti inayokumbukwa kuliko zote katika gemu hata si muziki. Ni ile tii, tii, tii. Hakuna anayeiita wimbo, hakuna anayemjua aliyeitunga, na hakuna aliyewahi kuisahau.

Nilikuambia hiyo ni kengele tu. Ukasema, "Haya, ipuuze basi tuone."

Kuna jambo lingine niliandika chuoni ambalo nalionea aibu sasa. Niliandika kwamba hofu kubwa katika gemu hailetwi na ngoma wala kelele, inaletwa na ukimya. Mtunzi mzuri huondoa muziki ghafla, na mchezaji hujua kwamba kitu kibaya kimekaribia. Mwalimu alinipigia vema pembeni, kwa wino mwekundu. Nilikuonyesha. Ukasema, "Umejua, basi. Sasa usisahau."

Nilisahau, Mwanaidi. Nitafika huko.

Unajua ile gemu tuliyokuwa tukiitengeneza wawili ilikuwa imebakiza hatua ya mwisho. Msichana wa gemu yetu anamtafuta ng'ombe wake aliyepotea, anaanzia huku juu kwenye ukungu na mashamba ya ngano, anashuka, anashuka, mpaka bonde la Yaeda. Mimi niliandika programu, wewe ulitunga muziki. Hatua nne zilikamilika. Ya tano ilikuwa bado kimya. Ulijaribu kinanda cha kwenye simu ukakikataa, ukajaribu zumari ya binamu yako ukaikataa. Halafu mfugaji mmoja mnadani akakuambia habari za miti ya huko bondeni: migunga mifupi yenye vivimbe vyeusi kwenye miiba, sisimizi wanavitoboa na kukaa ndani, na upepo ukipita kwenye matundu yale mti mzima unapiga mluzi. Ulikuja mbio mpaka shambani kwetu. Nilikuwa nachimba viazi na mama. Hukumwamkia mama kwanza, mama akakutazama, ukarudi nyuma hatua mbili ukasema shikamoo kama mtu aliyefumaniwa. Kisha ukaniambia, "Paska, nimepata sauti. Inakaa kwenye mti."

Wewe ulisema twende baada ya mvua, vumbi litulie. Ulilisema hilo, nakumbuka. Ni mimi niliyesema upepo mzuri ni wa kiangazi. Mimi ndiye niliyetaka twende.

Tulishuka na pikipiki moja, dereva mbele, wewe katikati, mimi nyuma. Ulikuwa umejifunga mtandio puani. Vumbi la ile njia liliingia mpaka kwenye kope. Tulipofika kwenye migunga ulikuwa na macho mekundu, ila ulifurahi kama mtoto, ulizunguka kila mti ukiweka sikio. Nikafunga maiki kwenye tawi, nikaivisha ule mkono wa sweta tulioukata. Nikavaa hedifoni. Ukasimama hatua tatu kutoka kwangu. Mkoba wako tuliuacha kwa dereva, kule mbali penye kivuli, kwa sababu zipu yake ilikuwa inalia na usingependa iingie kwenye maiki. Dawa yako ya kuvuta ilikuwa ndani ya mkoba.

Nilibonyeza.

Upepo. Kengele za ng'ombe mbali sana. Kisha mluzi wa mti, unakuja na kuondoka. Na baada ya kama dakika mbili nikasikia mluzi wa pili, mwembamba zaidi, mzuri zaidi, unaopanda na kushuka kwa mpangilio kama umepigwa na mtu anayejua anachofanya. Nilikutazama. Ulikuwa umesimama wima, mkono kifuani, midomo umeibana. Nilidhani umeguswa na muziki. Nilitabasamu, nikakuonyesha dole gumba, yaani endelea hivyo hivyo, tunapata kitu cha ajabu. Na wewe ukanirudishia dole gumba.

Ulikuwa umebana kikohozi ili usiharibu sauti. Dakika mbili nzima. Kwa ajili ya ile sheria yako.

Halafu ukasema umeishiwa, tukacheka, ukaanza kukohoa na hukuacha tena. Nilikimbilia mkoba. Dawa ilikuwa karibu kwisha, ulivuta mara mbili tatu. Tulipanda pikipiki, nikakushika kwa nyuma, sikio langu mgongoni kwako, na kifua chako kilikuwa kinapiga mluzi njia yote ya kupanda mlima. Kisha, kabla ya kufika kwenye zahanati, mluzi ukakoma.

Ukakoma, na mimi nikasema asante Mungu. Nilidhani umepata nafuu. Muuguzi ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole, kwamba kifua cha pumu kikinyamaza ghafla ndipo hewa inakuwa haipiti kabisa. Mimi niliyepigiwa vema kwa wino mwekundu.

Tangu siku ile nasikia miluzi kila mahali. Birika la nyumbani nimelitoa kifuniko chake. Mlango wa choo upepo ukiupitia, nasimama. Nikipanda mlima nasikiliza kifua changu mwenyewe ambacho hakina ugonjwa wowote. Hedifoni sijavaa. Na bado sijui, Mwanaidi. Hilo ndilo linalonitisha. Sijui kama mluzi ule wa pili ulikuwa mti au ulikuwa wewe. Nikilifungua faili nitajua. Kama ni mti, basi sikukosea sana. Kama ni wewe, nilikusikia ukifa nikatabasamu.

Nitakuambia pia jambo baya nililofikiria usiku wa kuamkia leo. Nilifikiria kukata. Nichukue zile sekunde chache za mwisho tu, "Paska, umepata?" na kicheko, nimpe mama yako, basi. Angefurahi, angelia, angenibariki. Asingejua kamwe. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu anayejua programu. Kinachonizuia ni kwamba ili nikate lazima nifungue, na sithubutu kufungua peke yangu. Uaminifu wangu ndio huo, ni woga tu.

Nasikia ndara zake uani. Si saa kumi bado, hata adhuhuri bado. Anakuja sasa

Jumamosi

Mwanaidi,

Sikumalizia sentensi ile na sitaimalizia. Kalamu hii ni nyingine, ile niliiacha ghalani.

Mama yako aliingia na viti viwili vidogo, akakaa kwenye kimoja, akanisogezea kingine. Akasema hakuweza kusubiri saa kumi, amejaribu kuchambua mchele ameshindwa. Nikampa hedifoni. Akazikataa kwa mkono. "Siweki vitu masikioni. Weka tusikie wote." Nikatoa ile spika ndogo. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba sauti yako iko mwisho kabisa, naweza kumpeleka pale moja kwa moja. Akanitazama. "Anzia mwanzo."

Nikaanzia mwanzo.

Unajua magunia yale yanavyomeza mwangwi. Yaeda iliingia ghalani yote. Upepo, kengele, halafu mti. Mama yako alikuwa amefumba macho. Mluzi wa pili ulipokuja, mimi nilitazama sakafu, maganda ya vitunguu saumu, nikayahesabu.

Akainua kidole.

"Huu mti," akasema. Kidole kikahama kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba za majirani. "Huu Mwanaidi." Mti tena. "Mwanaidi." Kisha vyote viwili vikaja pamoja, akainua vidole viwili. "Wote."

Hakusita hata mara moja. Mimi nilikuwa na hedifoni nzuri na shahada, na sikutenganisha. Yeye alitenganisha kwa spika mbovu akiwa amefumba macho. Na aliponionyesha nami nikaanza kusikia, na nikashangaa niliwezaje kutosikia. Mti hupiga upepo unapokuja. Wewe ulipiga pumzi inapotoka. Mti haukuwa na haraka. Wewe ulikuwa unazidi kukaza, kila mara kidogo zaidi. Tii, tii, tii. Nilikuwa nimeambiwa nisipuuze, nikapuuza.

Ukafika mwisho. "Paska, umepata? Maana mimi nimeishiwa." Kicheko chako, changu, kimya.

Mama yako alisema, "Miaka ishirini na mbili nimelala na mluzi huo. Ukibadilika kidogo naamka. Baba yake alikuwa anasema mimi nasikia hata usipokuwepo."

Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo, mama. Hatua tatu."

"Uliusikia?"

Hapo, Mwanaidi, nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema uongo, na ulimi wangu uliutafuta. Nilisema, "Niliusikia. Nilidhani ni mti. Niliupenda. Nilimwonyesha dole gumba aendelee." Nikamwambia na ya mkoba na zipu. Nikamwambia ni mimi niliyetaka kiangazi. Nikamwambia na ule ukimya wa njiani na asante yangu kwa Mungu. Nilisema yote kwa mfululizo kama mtoto anayetapika.

Aliokota ganda moja la kitunguu saumu akalisugua mpaka likawa unga. Mwisho akasema, na hakuwa anasema nami, "Mimi ndiye niliyemfundisha kubana. Wageni wakija, bana, watasema una kifua kikuu nani atakuoa. Bana mwanangu, wanatazama. Akajua kubana."

Nilitaka kumshika mkono. Akauondoa, si kwa hasira, aliuondoa tu. "Sijui nikuambie nini, Paskalina. Nenda nyumbani. Simu iache."

Nilitembea kwenda kwetu bila simu. Siku tatu sikula vizuri. Mama yangu aliniuliza nimegombana na nani, baba akasema niachwe. Kila mtu aliyepita njiani nilidhani ametumwa kuja kuniambia nisikanyage kwenu tena. Niliogopa Shabani atakuja. Niliogopa zaidi kwamba hakuna atakayekuja, kwamba mama yako atakaa na lile faili peke yake na mimi nitabaki upande mwingine wa barabara maisha yangu yote, nikisalimiwa kwa adabu.

Leo asubuhi Rehema alikuja kuniita.

Mama yako alikuwa jikoni. Shikamoo, marahaba. Simu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa cha kushonwa, kama redio ya zamani. Rehema alikuwa amemfundisha kubonyeza. Rehema aliniambia pembeni kwamba shangazi yake anasikiliza yote tangu mwanzo, kila mara, hataki kuruka, na mwishoni kila mara anacheka pale unaposema umeishiwa. Kisha anarudia. "Anamtukana pia," Rehema akasema. "Anasema, mjinga wewe, kohoa."

Aliniuliza juu ya gemu. Hakuwahi kuniuliza kabla. Nikamwambia bado hatua ya mwisho haina muziki, na kwamba mluzi ule ndio ungekuwa wimbo wake. Akakoroga chai yake. Akasema, "Mti wape watu. Mwanangu niachie mimi."

Nilimwambia nitajaribu kuvitenganisha. Sikumwambia kwamba nilishafikiria usiku kucha na naona haiwezekani, kwamba sauti zenu ziko kimo kimoja, nikikata mti nakukata na wewe. Lakini alikuwa ameliona usoni kwangu. "Si mti upo bado?" akasema. "Haujahama. Kaurekodi tena."

Mwanaidi, naiogopa ile njia. Naogopa kusimama mbele ya ile migunga na hedifoni masikioni nikisubiri kitu kianze kulia. Naogopa kwamba nitausikia mluzi wa pili hata wewe ukiwa hupo, na naogopa vilevile kwamba sitausikia.

Kisha akasema, "Tutakwenda Alhamisi. Gari, si pikipiki, na vioo vifungwe. Nataka kuuona huo mti uliokuwa unashindana na mwanangu."

Basi tunakwenda. Atakaa karibu yangu, yeye anayejua tofauti, na nitamwomba ainue kidole.

Ubishi wetu naufunga hapa, na umeshinda, ingawa ungependa kunisikia nikisema mbele ya Shabani. Nilidhani tunakumbuka sauti iliyotuumiza mara nyingi. Mama yako hakuumizwa na mluzi wako, aliulinda. Aliusikiliza kwa sababu usiposikilizwa mtu anakufa, na ndiyo maana anaweza kuutoa katikati ya upepo wa bonde zima. Sidhani kama nitatunga kitu kitakachosikilizwa hivyo. Sidhani kama mtu yeyote aliyewahi kutunga muziki wa gemu amesikilizwa hivyo, isipokuwa yule asiyejulikana jina aliyetunga ile tii, tii, tii.

Nakuahidi mambo mawili tu, maana nikiahidi mengi nitaogopa zaidi. Hatua ya tano itakuwa na mti peke yake, na katika jina la mtunzi nitaandika lako. Na sheria ya kurekodi nimeibadilisha. Nimeiandika kwa kalamu nene juu ya boksi la nyaya, wale paka wanailalia: anayetaka kukohoa, akohoe. Tutaanza upya. Mti utasubiri.

Dirisha lako liko wazi. Nililiangalia nikitoka.

Pumua, rafiki yangu. Huko hakuna anayerekodi.

Paska